Lijueni Gugu Karoti Likiwa Bado Limelala Chini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu wa mila, mama zangu na baba zangu, walimu, na ninyi wanafunzi mlioketi kwenye majani hapo mbele: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mezani nimeweka makopo mawili. Katika kopo la kulia umesimama mmea unaozidi urefu wa meza yenyewe, wenye matawi mengi juu na vichwa vidogo vya maua meupe kila ncha, na sina shaka kwamba hakuna hata mmoja kati yenu ambaye hajauona kando ya barabara alipokuwa akija hapa asubuhi. Katika kopo la kushoto yamelala majani machache tu, yamejitandaza juu ya udongo kwa mduara, na mtu akiyatazama kwa haraka atasema nimepanda karoti au giligilani. Makopo haya yana mmea wa aina moja. Wa kulia umekwisha kuzeeka. Wa kushoto uliota wiki tatu zilizopita. Nimeombwa nizungumze kuhusu gugu karoti, nami nimechagua kuzungumza zaidi juu ya hili la kushoto, kwa sababu katika miaka yote niliyofanya kazi ya ugani nimeona tukipigana na lile la kulia, na tukishindwa.

Nianze na jina. Wataalamu wa mimea huliita Parthenium hysterophorus, jina lililotolewa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Sisi tumeliita gugu karoti, na nchini India nako watu wengi huliita gajar ghas, yaani nyasi ya karoti, bila sisi na wao kushauriana. Jina hilo lina kosa na lina faida. Kosa ni kwamba mmea huu hauna udugu wowote na karoti. Uko katika familia ya alizeti, pamoja na kishona nguo na bangi mwitu, magugu ambayo sote tumeyapalilia tangu utotoni. Faida yake ni kwamba jina limetokana na jani. Aliyeliita hivyo alilitazama kabla halijatoa ua, na mimi naomba turudi kwenye macho ya mtu huyo.

Basi tulitazame hili la kushoto, na wanafunzi wanaweza kusogea, ila wasiliguse kwa mikono mitupu. Jani moja linaweza kufika urefu wa sentimita 20. Limekatikakatika pembeni, na kila kipande kimekatika tena, ndiyo maana linafanana na jani la karoti. Lakini jani la karoti ni kijani cha kung'aa, na hili lina rangi ya kijani iliyofifia, kama limepakwa majivu, kwa sababu limefunikwa na vinyweleo vifupi vyeupe. Bangi mwitu changa pia huwadanganya watu, ila yenyewe haina vinyweleo hivi, na ukiisugua hutoa ile harufu kali mnayoifahamu. Kishona nguo hutoa majani mapana yasiyokatika hivi. Mkishajifunza tofauti hizo tatu, hamtakosea tena.

Majani haya yamelala, na kulala kwake kuna sababu. Yakishajitandaza hivi, kivuli chake hukizuia kila kitu kinachotaka kuota chini yake, na ng'ombe akipita huyakanyaga bila kuyadhuru sana. Chini ya duara kuna mzizi mmoja mkuu unaokwenda moja kwa moja ardhini. Mvua ikikatika, mmea unaweza kukaa katika hali hii, mdogo, umebana, ukingoja. Mvua ikirudi, katikati ya duara huchomoza shina, na kuanzia hapo mwendo wake ni wa haraka mno: shina hurefuka, huwa gumu, huonyesha mifereji iliyokwenda wima kutoka chini hadi juu, huanza kutoa matawi, na linaweza kufika mita moja na nusu au hata mbili pale penye rutuba. Tangu mbegu kuota hadi ua la kwanza kufunguka ni wiki nne mpaka nane tu. Mahindi ya mtu yakiwa bado hayajatoa mbelewele, gugu hili limekwisha kuanza kuzaa.

Lina hata namna yake ya kutumia jua. Mahindi na maharage hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua kwa njia mbili tofauti, ile ya mahindi ikiwa na nguvu zaidi kwenye joto na ukame. Gugu karoti limesimama katikati ya njia hizo mbili. Mimea iliyo katika hali hiyo ya kati si mingi, na hicho ni kimojawapo cha vinavyoliwezesha kustahimili mahali palipo wazi, pakavu na penye jua kali.

Sasa naomba mtazame ua. Nimeleta lenzi, nitaipitisha baadaye, lakini niwaeleze kwanza mtakachokiona. Kile tunachokiita ua, chenye upana wa milimita nne hivi, ni kundi la maua madogo sana kiasi cha 40 yaliyobanwa pamoja kama yale ya katikati ya alizeti. Ya ndani hutoa chavua. Pembeni mwa kundi hilo kuna matano yaliyojitenga, na ndiyo yanayokipa kichwa kile umbo la kuonekana kina pembe tano. Haya matano ndiyo majike. Kila moja litatoa mbegu moja tu, nyeusi, bapa, yenye urefu wa milimita mbili hivi, na ubavuni mwake zimeshikamana ganda mbili za maua yaliyokauka, kama mito miwili midogo ya hewa, zinazoisaidia kuelea juu ya maji na kusukumwa na upepo kwa umbali mfupi.

Mbegu tano kwa kichwa kimoja ni kidogo, mtu atasema. Lakini mmea uliokomaa vizuri hutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, maana yake umebeba vichwa 3,000 hadi 5,000 vya maua. Mbegu zilizobaki juu ya ardhi hufa mapema zaidi, huliwa, hukaushwa na jua. Zilizofukiwa sentimita chache chini ya udongo ni jambo lingine: majaribio yameonyesha kuwa zaidi ya nusu yake bado huwa hai baada ya miaka miwili, na nyingine hudumu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkulima anayepitisha trekta katika shamba ambalo gugu karoti limekwisha kumwaga mbegu, akidhani analiangamiza, anaziweka mbegu zile ghalani. Atazitoa katika ghala hiyo mwaka hadi mwaka, kila anapolima.

Nimekaa sana kwenye jani, shina na mbegu kwa sababu kila kitu nitakachosema baada ya hapa kinatoka humo. Gugu hili halina miba wala mizizi ya kutambaa ardhini kama ndago, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuling'oa kwa vidole viwili likiwa bado dogo. Udhaifu wake wote uko katika ule mwezi wa kwanza. Sisi hatuuoni mwezi huo. Tunaliona linapochanua, wakati limekwisha kumaliza shughuli iliyolileta duniani.

Kwao ni Amerika, katika nchi zinazoizunguka Ghuba ya Mexico na katika sehemu za kati za Amerika ya Kusini, kwenye ukanda wa joto na ule unaokaribia joto. Huko lina wadudu wanaolila majani, wanaolitoboa shina, wanaoharibu mbegu, na magonjwa ya ukungu yanayolidhoofisha. Lilipovuka bahari halikuvuka nao. Nchini Afrika Kusini lilirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1880, huko Inanda katika jimbo ambalo leo ni KwaZulu-Natal, na kwa takriban miaka 100 halikuwasumbua watu wengi. Kisha mwaka 1984 kikapiga kimbunga Demoina, mito ikafurika, ardhi ikabaki tupu, na baada ya mafuriko hayo gugu likaonekana kila mahali. Nawaomba mlishike hilo mnapoambiwa na mtu kwamba ile michache iliyoko kwenye mtaro wake imekuwapo muda mrefu na haijamdhuru.

Australia ililiona mwaka 1955 katika jimbo la Queensland, karibu na mji wa Toogoolawah. Lakini janga kubwa la kule lilianza mwaka 1960, lilipokuja ndani ya mbegu za nyasi za malisho zilizonunuliwa Texas, Marekani, na kupandwa upande wa Clermont. Wafugaji walipanda malisho, na ndani ya malisho wakapanda adui wa malisho. India ililiona Pune katikati ya miaka ya 1950, na wengi huko hulihusisha na ngano iliyoagizwa kutoka Marekani. Nchini Ethiopia lilianza kutajwa upande wa mashariki, Dire Dawa na Harerge, na wataalamu wanataja njia mbili: nafaka za msaada wa njaa, na magari ya kijeshi ya vita vya mpaka na Somalia mwishoni mwa miaka ya 1970. Waoromo wamelipa jina la faramsissa, ambalo hutafsiriwa kuwa ni kutia saini kuiacha ardhi yako. Watu hawaupi mmea jina kama hilo bila kuumia.

Kwa majirani zetu Kenya lilitajwa katika mashamba ya kahawa ya Kiambu katika miaka ya 1970, na mwaka 2010 serikali yao ikalitangaza rasmi kuwa gugu haribifu. Mwaka huohuo wa 2010 likatambuliwa hapa Arusha. Nilikuwa bado kazini. Nakumbuka mwenzangu alipokuja ofisini na tawi lake ndani ya gazeti, nami nikatambua kwamba nilikuwa nimelipita barabarani kwa miezi kadhaa, kila siku, nikienda na kurudi, nikidhani ni ua la kawaida la mvua. Nilikuwa nimesomea magugu chuoni, lakini sikuwa nimelitazama jani lake.

Mtaona kwamba katika safari hiyo yote halikupeperushwa na upepo kuvuka bahari. Lilibebwa. Ndani ya gunia, ndani ya mbegu za nyasi, kwenye tope la matairi, kwenye chuma cha mashine. Na hapa kwetu linabebwa vilevile, ila kwa vitu vyetu: mchanga wa mtoni, kokoto, samadi, nyasi kavu zinazouzwa kwa wenye ng'ombe wa zizini, trekta za kukodi na mashine za kuvunia zinazotoka shamba moja kuingia jingine bila kuoshwa, na kwato za mifugo inayopelekwa mnadani. Fuateni barabara kuu, mtaliona; fuateni mito na mifereji, mtaliona; fuateni vituo vya magari makubwa na maeneo ya ujenzi, mtaliona limejaa kuliko mahali pengine.

Mimi mwenyewe nililileta nyumbani kwangu kwa fedha yangu. Nilipokuwa naongeza vyumba nyuma ya nyumba, nilinunua lori mbili za mchanga wa mtoni. Fundi akatumia moja, ya pili ikabaki imerundikwa karibu na tangi la maji ikingoja nipate fedha ya saruji. Vuli ikanyesha. Siku moja mjukuu wangu akaja jikoni akaniuliza, "Bibi, nani amepanda karoti kwenye mchanga wetu?" Nilitoka nikaenda kuangalia. Upande wa lundo unaotazama tangi ulikuwa na miduara midogo ya majani, nikaihesabu hadi 60 nikaacha. Dereva aliyeniletea mchanga ule hakuwa na habari ya lolote, wala mchimbaji kule mtoni. Nilivaa glavu nikaing'oa yote siku hiyohiyo, na nikaendelea kung'oa kila baada ya wiki tatu kwa msimu huo na msimu uliofuata, mpaka lundo likaacha kutoa. Mtoto yule alikuwa na miaka sita, na alilitambua mapema kuliko mafundi wote waliolizunguka lile lundo, kwa sababu alikuwa analitazama kwa urefu wake. Ndiyo maana nimewaomba walimu waje na wanafunzi leo.

Madhara yake nitayasema kwa kadiri ninavyoyafahamu, na nitaanza na ya mwili. Ndani ya mmea mzima kuna kemikali iitwayo partheni, chungu sana, na iliyo nyingi zaidi kwenye vinyweleo, maua na chavua. Watu wengi hulishika siku ya kwanza wasidhurike, wakasema hayo ni maneno ya wataalamu. Lakini mzio wa namna hii hujengeka kidogokidogo: mwili hukutana nalo mara nyingi, na siku moja huanza kulikataa. Jirani yangu, mama wa makamo, mpaliliaji hodari, alianza kuvimba kope. Kisha ngozi ya shingoni ikawa nene na nyeusi, kisha kwenye kiwiko upande wa ndani inapokunjwa, inawasha usiku kucha. Alibadilisha sabuni mara mbili, akaacha kupaka mafuta, akapewa dawa ya kupaka akapata nafuu; alipoanza palizi nyingine, ikarudi. Tulilijua chanzo tulipokwenda shambani kwake na kukuta gugu karoti limemfika kifuani katikati ya maharage. Kwa wengine huingia kwa njia ya hewa: mafua yasiyokwisha, macho kutoa machozi, na pumu kuamka. Mmea mmoja hutoa mamilioni ya chembe za chavua, hivyo hata asiyeligusa anaweza kulivuta.

Hapo nilete jambo ambalo huwashtua wengi. Watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE jijini Nairobi walionyesha mwaka 2015 kwamba mbu wa malaria aina ya Anopheles gambiae huishi vizuri kwa kunyonya utamu wa mmea huu, wala sumu yake haimsumbui. Mbu hahitaji damu peke yake; anahitaji pia sukari ya mimea ili awe na nguvu. Vichaka vya gugu hili nyuma ya nyumba, basi, vinamlisha.

Kwa mifugo, mnyama mwenye hiari hulikwepa. Tabu ni kiangazi, wakati hiari haipo. Ng'ombe aliyelila maziwa yake huwa machungu, na nyama nayo huharibika ladha. Akila zaidi hupata vidonda mdomoni na tumboni, ngozi hubabuka, na majaribio ya India yalionyesha kuwa likiwa kati ya asilimia 10 na 50 ya chakula chake, ng'ombe au nyati wa kufugwa anaweza kufa. Lakini niseme ukweli kama ninavyouona: wafugaji wengi hawatapoteza ng'ombe kwa sumu. Watampoteza kwa njaa, maana pale lilipokaa gugu hili nyasi hazioti.

Na hazioti kwa sababu lina silaha ardhini. Partheni hutoka kwenye mizizi yake, na hutoka tena majani yake yanapoanguka na kuoza, ikizuia mbegu za mimea mingine kuota na miche yake kukua. Huzuia hata vile vinundu vya mizizi ya maharage na kunde vinavyorutubisha udongo. Chavua yake ikiangukia maua ya nyanya, bilinganya au maharage, hupunguza uwezo wa maua hayo kushika tunda. Utafiti wa mashariki mwa Ethiopia uliliacha katika mtama msimu mzima bila palizi, na hasara ikafika hadi asilimia 97 ya mavuno. Yaani katika kila gunia 100, zilibaki tatu.

Nimewahi kuliona kwenye mashada ya maua ya arusi na juu ya makaburi, likiwa limechanganywa na waridi kwa sababu vichwa vyake vyeupe vinapendeza, na nimewahi kuambiwa sokoni kwamba likichemshwa ni dawa. Mama zangu, naomba hayo mawili yaishe kabisa. Shada likikauka hutupwa, na pale linapotupwa mbegu huanguka. Na kitu kinachochubua koo la ng'ombe kisiingie kwenye kikombe cha mtoto.

Tufanyeje, basi? La kwanza nimekwisha kulisema, ila nilieleze kwa vitendo. Siku tatu au nne baada ya mvua, udongo ukiwa bado laini, pitieni mitaro, kando ya uzio, kandokando ya mazizi na njia za maji, mkitazama chini, si juu. Vaeni glavu, asiye nazo avae mfuko wa nailoni mkononi, na mikono mirefu, na kitambaa puani. Shikeni duara la majani penye shina na mng'oe pamoja na mzizi. Likiwa halijatoa ua, liacheni likauke palepale, au litieni kwenye mboji, halitadhuru. Rudieni baada ya wiki tatu, kwa sababu mbegu nyingine zitakuwa zimeota, na muda wa wiki tatu ni mfupi kuliko muda ambao mmea unahitaji kufika kwenye ua.

Msilifyeke. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalofanywa kila mahali, hata kando ya barabara zetu, na watu wanaofanya hivyo wanadhani wametimiza wajibu. Likikatwa kwa panga au kwa mashine ya kukatia majani, shina hutoa matawi mapya kutoka chini, na matawi hayo huchanua yakiwa mafupi, karibu na ardhi, mahali ambapo mashine haifiki tena. Na kama lilikuwa na mbegu, mashine imezitawanya.

Likishachanua, kazi inakuwa ngumu na ya uangalifu. Leteni kiroba mpaka lilipo, likateni taratibu liingie kirobani, fungeni mdomo, na mlichome kwenye shimo palepale likishakauka. Kulibeba begani mpaka mwisho wa kijiji ni kulipanda njiani. Dawa za magugu zipo, na wenye mashamba makubwa wataendelea kuzitumia, lakini nazo hufaa likiwa changa, na ziwe zile zilizosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa, baada ya kumwona afisa ugani wa kata.

Jambo la pili linawahusu zaidi wazee wetu wafugaji, nami naliona ni kubwa kuliko hata kung'oa. Gugu karoti halipendi kushindana na nyasi zilizoshikamana. Lile duara la majani linahitaji ardhi tupu na jua. Palipo na nyasi nzuri, hasa zile za Cenchrus ciliaris ambazo ni za asili yetu na ambazo Waaustralia wameziona zinalibana vizuri, mche wake hukosa mwanga ukadumaa. Ardhi tupu tunaitengeneza sisi, kwa kuchunga mahali pamoja mpaka udongo unaonekana. Ule utaratibu wenu wa kutenga malisho ya ndama, alalili, ambao vijana wengine wameanza kuuona umepitwa na wakati, ni kinga ambayo hakuna duka linaloiuza. Ninawaomba wazee msiuachie, na mkiweza mwongeze eneo lake.

La tatu ni wadudu. Mexico ndiko kwao mbawakawa mdogo, mwenye mgongo wa rangi ya maziwa uliochorwa michirizi ya kahawia, aitwaye Zygogramma bicolorata. Yeye na mabuu yake hula majani ya gugu hili. Australia ilimwachilia mashambani mwaka 1980, India mwaka 1984, Afrika Kusini mwaka 2013, na Afrika Kusini imeongeza pia fukusi wanaotoboa shina na wale wanaokula mbegu, pamoja na ukungu wa kutu. Mbawakawa huyu hufanya kazi vizuri mvua zikiwa za kutosha, na kiangazi hujichimbia ardhini, hivyo huwasaidia wang'oaji bila kuwapumzisha. Na kwa kuwa gugu letu ni ndugu wa alizeti, swali la kwanza la mkulima wa Manyara au Singida litakuwa kama mdudu huyo hatahamia kwake. Ni swali la haki. India walikumbana nalo: mdudu alionekana kwenye alizeti, wakulima wakaogopa, ikabidi wataalamu waanze uchunguzi upya kabla ya kuendelea kumsambaza. Kwa hiyo kazi hii iko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, na mtu asijaribu kumvusha mdudu mpakani ndani ya chupa kwa nia njema.

Mwisho wa upande wangu ni mchanga na nyasi. Anayenunua mchanga, aende akaone unapochimbwa. Kama kingo za mto zimejaa maua haya meupe, atafute mahali pengine, na akiwa hana pengine basi alichunge lundo lake kama nilivyolichunga langu. Anayenunua nyasi kavu azifungue na kuzikagua kabla ya kulisha, na azilishie mahali pamoja tu ili kinachoota akione. Anayekodi trekta amwombe dereva aondoe tope kwenye matairi na majembe kabla ya kuingia shambani. Mwenye trekta akikasirika, akasirike.

Sasa naomba tutoke. Mtaro ulio kati ya uzio wa shule na barabara una gugu karoti la kila umri, nimeupitia asubuhi. Glavu ziko kwenye kiroba karibu na mlango, jozi 30, na waliozikosa wachukue mifuko. Mwenye pumu, mwenye mtoto mgongoni, na aliyewahi kuwashwa ngozi, wabaki hapa kivulini na lenzi na haya makopo mawili. Wanafunzi watangulie, watembee taratibu kwa mstari mmoja, na asing'oe mtu yeyote lenye maua mpaka nifike. Kila mmoja anitafutie kwanza moja lililolala.